Nilikula nini nikiwa na mimba?

Ujumbe uliingia saa tano usiku. Nilikuwa napiga pasi gomesi tatu, yale magauni ya kina mama, za kwanjula, sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, mwenyewe alikuwa anazifuata alfajiri, na simu nilikuwa nimeilaza kifudifudi ili isinicheleweshe. Ikatetema mara mbili. Nikaigeuza.

"Dada Mama Babu, samahani kwa usiku huu. Mwanangu ana miaka mitatu, hasemi, hanitazami. Jana daktari ametuambia ni usonji. Wewe umepitia, niambie ukweli tu, sitakasirika. Nilikula nini nikiwa na mimba?"

Anaishi Tororo, mume wake ni askari. Mimi nimezaliwa na kukulia kambi ya polisi hapa Jinja, Uganda, kwa hiyo hata kabla hajaniambia nilishakitambua Kiswahili chake, kile chetu cha kambini. Nilichomoa pasi ukutani, nikakaa chini. Swali lile niliwahi kuliuliza mimi, kwa maneno hayohayo, na waliolijibu walinijibu vibaya, nikapoteza miaka. Ndiyo maana jibu langu kwake limekuwa refu mpaka limekuwa makala.

Mimi nilikuwa na mshukiwa wangu tayari: mumbwa. Mama mkwe alikuwa ameniletea vile vijiti vya udongo na miti shamba, nikawa navisugua kwenye maji na kunywa kila jioni tangu mimba ya miezi mitano. Mtoto alipoanza kuonyesha mambo, nililala nikihesabu vijiti. Kumi na nne. Je, ningekunywa kumi? Je, ningekataa? Mume wangu alimshuku mganga, wifi yangu alishuku filamu nilizokuwa nikitazama usiku, jirani alishuku ulimi. Kila mtu alikuwa na jibu lake mkononi, na yote yaliishia kwangu.

Nyumbani tunamwita Babu kwa kuwa amebeba jina la baba yangu. Alizaliwa 2014, kilo tatu na nusu, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Alitembea kabla ya mwaka na mwezi mmoja. Alisema "mama", alisema "maji". Halafu, akiwa na mwaka mmoja na miezi mitano, alishikwa na malaria kali yenye degedege, tukalazwa siku nne. Tulipotoka, "mama" hakuna, "maji" hakuna. Akiwa na kiu alinikamata mkono kwenye kiganja na kuupeleka kwenye jagi, kama mtu anayeazima mwiko. Ukimwita jina hageuki, lakini mtu akifungua karatasi ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, kwa hiyo masikio yalikuwa mazima. Hakuwahi kuninyooshea kidole ndege, wala ng'ombe, wala lori la baba yake. Wenzake wote walikuwa wakinyoosha kidole mchana kutwa.

Alichopenda ni gurudumu la cherehani yangu. Alikaa chini ya meza, shavu sakafuni, akilitazama linavyozunguka. Ningeweza kushona sare za darasa zima na yeye hajasogea. Wateja walinisifu, "Una mtoto mtulivu." Nikaitikia, na moyoni najua utulivu ule una kitu.

Sitaeleza miaka miwili iliyofuata yote, mnaijua, tunafanana. Nitataja tu yale yaliyobaki kwenye mwili wake. Bibi mmoja alimkata chini ya ulimi kwa wembe, eti umefungwa. Alitoka damu mpaka usiku. Kule kijijini kwa wakwe zangu mswezi, mganga wa mizimu, alitaka mbuzi mweupe na laki tatu, akapewa. Na kuna maombi ya usiku kucha ambayo nitayarudia mbele, kwa sababu hayo bado yananiuma.

Mama mkwe alisema mbele ya watu, "Kwetu haya mambo hayapo. Mwanamke amekuja nayo." Kisha akaongeza kwamba simpendi mtoto, cherehani naipenda zaidi. Neno hilo nilikaa nalo mpaka nilipokuja kusoma kwamba kina mama wa Marekani nao waliambiwa vilevile, na waliowaambia walikuwa wasomi. Daktari Leo Kanner wa Baltimore ndiye aliyeueleza usonji kwa mara ya kwanza kama hali ya peke yake, mwaka 1943, kwa kuandika habari za watoto 11. Baada yake ukaenea usemi kwamba watoto hawa wamezaliwa na mama baridi kama jokofu. Bruno Bettelheim, aliyekuwa na shule yake Chicago, aliutetea mpaka kwenye kitabu mwaka 1967. Wanawake wakalia, watoto wakatolewa majumbani. Na ulikuwa uongo. Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alikuwa ameshaupinga mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wakatoa utafiti wa jozi 21 za mapacha huko Uingereza: kati ya jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, katika jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji, kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Yaani jambo limo kwenye damu tuliyorithishana, tena kwa jeni nyingi zilizokutana. Halimo kwenye mapenzi ya mama.

Daktari wa Kampala ndiye aliyenisomea hayo kwa lugha ya kawaida, mwishoni mwa 2018, Babu akiwa na miaka minne na nusu. Alinieleza pia kwamba usonji unaonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, wenye wazazi wenye umri mkubwa, na ambao mama zao walitumia dawa ya kifafa iitwayo valproeti wakiwa wajawazito. Hapo nisikilizeni: kama unatumia dawa ya kifafa na una mimba, usiiache peke yako kwa hofu. Nenda kwa daktari akubadilishie. Degedege la mama linaua.

Nikamwambia, "Na mumbwa?" Hakunicheka. Alisema udongo wa kunywa una hatari zake na mjamzito hana sababu ya kuunywa, lakini hakuna chakula kinachojulikana kwamba mama akikila mtoto anapata usonji. Nikamwambia, "Basi ni malaria." Hapo alinyamaza kidogo. Alisema malaria kali inaweza kuumiza ubongo, na mwaka 2006 madaktari waliandika kutoka Tanzania kuhusu watoto ambao baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali. Kisha akauliza kama nina video yoyote ya Babu kabla ya kulazwa.

Nilikuwa nayo, ya siku alipotimiza mwaka. Tukaitazama pamoja. Watu wanaimba, keki iko mbele, shangazi yake anamwita mara tano, sita, mpaka anapiga makofi karibu na uso wake. Babu anatazama feni. Miezi mitano kabla ya malaria. Nilikuwa nimeitazama video ile mara mia na sikuwahi kuona.

Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala. Nilipomwambia habari ya urithi alikasirika, akaondoka safari na kukaa wiki sita bila kupiga simu. Nimemsamehe, lakini sitasema nimesahau. Aliporudi, nilimwona akipanga spana zake kwa ukubwa kabla hata ya kuvua viatu. Nilimwekea chakula akatenga mchuzi kwenye bakuli lake, kama siku zote, kwa sababu hawezi kula vitu vilivyogusana. Miaka tisa ya ndoa nilikuwa nikimwoshea lile bakuli la pili. Nikamtazama, nikamtazama Babu kule chini ya meza akipanga vifungo, na sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, taratibu, "Mimi pia nilichelewa kusema. Mama aliniambia." Mama yake. Yule aliyesema kwao hayapo.

Ndugu zangu, kina baba hasa, hii si kesi ya kutafuta mshitakiwa. Ukishajua imetoka upande gani utafanya nini? Utamrudisha mtoto tumboni? Mtafute mwenye makosa miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu mtoto anakaa bila kufundishwa kuomba maji.

Najua gharama ya kutafuta chanzo kwa sababu nilimlipisha binti yangu. Alizaliwa mwanzoni mwa 2018. Alipofika miezi tisa, wakati wa chanjo ya surua, nilikuwa kwenye kundi moja la simu ambako watu walirushiana sauti kutwa kwamba chanjo hiyo ndiyo inaleta usonji. Sikumpeleka. Nilimdanganya muuguzi kwamba tulikuwa safarini. Mwaka uliofuata surua ilipita mtaani kwetu ikamkuta. Siku kumi macho yamefunga, midomo imepasuka, kifua kinakoroma, na mimi nimekaa kitandani hospitalini nikijua ni mimi. Alipona. Mtoto wa kitanda cha jirani hakupona, na mama yake alinikumbatia akinipa pole. Oktoba 2019, serikali ilipofanya chanjo ya surua na rubela nchi nzima, nilikuwa foleni kabla jua halijachomoza, watoto wote wawili mkononi.

Sasa nieleze hilo la chanjo likae. Uvumi ulianza 1998, daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alipoandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto 12. Kumi na wawili tu. Baadaye ikabainika kazi ile haikuwa ya uaminifu; jarida likaifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Wadenmaki wao walifuatilia watoto 657,461 na mwaka 2019 wakatoa matokeo: waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa kwa usonji. Tena wengi hapa Uganda hawajui kwamba rubela, ikimpata mama mjamzito, yenyewe ni moja ya vyanzo vya usonji vilivyothibitika. Stella Chess aliwafuatilia New York watoto waliozaliwa baada ya mlipuko wa rubela wa 1964, akawakuta wengi wenye usonji kupita kawaida. Kwa hiyo sindano tuliyoiogopa inazuia chanzo kimojawapo. Tuliikimbia kinga.

Na tangu Septemba 2025, rais wa Marekani aliposimama na kuhusisha usonji na parasetamo, simu yangu haipumziki. Kina mama wananiuliza kuhusu Panadol walizomeza miaka ile. Wasweden walikuwa wameshapitia habari za watoto karibu milioni mbili na nusu, wakatoa kazi yao 2024, na walipomlinganisha mtoto na ndugu yake wa tumbo moja, tofauti haikuonekana. Mjamzito mwenye homa kali ashushe homa, kwa ushauri wa kliniki yake. Basi.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo tunapotapeliwa zaidi.

Babu alikuwa anakula vitu vitatu: chapati, mkate mweupe na chai ya maziwa. Mkate wenyewe lazima utoke kwenye mfuko wa rangi ileile. Duka likibadilisha, hagusi. Nikasikia kwamba ngano na maziwa ndiyo sumu ya watoto hawa, kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa huwalevya kama bangi. Nikaondoa vyote kwa siku moja. Nilitupa mkate jalalani akiona. Siku ya kwanza alilia. Ya pili alilia. Ya tatu alinyamaza, na ukimya ule ndio ulinitisha. Ya nne nilimbeba kwenda kliniki midomo imekauka. Walipompima, damu ilikuwa chini. Madini ya chuma hayapo. Na choo alikuwa hajapata wiki nzima, jambo ambalo watoto wengi wa usonji wanaugua na hawawezi kulisema.

Mhudumu wa lishe, mama mtu mzima, aliniuliza, "Wewe kwenu mnakula nini?" Nikamwambia matoke, posho yaani ugali, muhogo, viazi, mchuzi wa karanga, maharage, samaki. Akasema, "Hicho chote hakina gluteni hata chembe. Watoto wa huku kwetu Busoga wamekula hivyo tangu mababu, na wenye usonji wamo." Nilihisi kama mtu amenimwagia maji. Nilikuwa nimetumia fedha kununua unga wa ng'ambo unaouzwa kwa bei ya mbuzi, na ndani yake ni mchele na muhogo. Majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu, mzazi asijue mtoto amepewa chakula kipi, hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mtoto aliyepimwa akakutwa na ugonjwa wa utumbo unaokataa ngano, huyo aiache kweli. Mwingine, usimnyang'anye chapati yake.

Alichonifundisha yule mama ndicho ninachomfundisha kila anayenipigia: usiondoe, ongeza. Na ongeza kidogo mpaka mtoto asijue. Chapati ileile, sahani ileile, lakini kijiko kimoja cha unga wa ulezi kwenye unga wa ngano. Wiki mbili. Kisha viwili. Baadaye mukene, wale dagaa wetu, waliokaushwa na kusagwa mpaka wakawa vumbi, nusu kijiko cha chai. Miezi saba tulifika kwenye chapati ya rangi ya udongo, na Babu anakula. Leo anakula vitu kumi na kimoja, nimevihesabu. Badilisha kitu kimoja. Si viwili, kimoja. Ukibadilisha sahani, usibadilishe chakula. Ukibadilisha chakula, usibadilishe sahani.

Na msinywishe watoto maji ya miujiza. Mwaka 2019 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika jinsi kemikali ya kupaushia ilivyokuwa inasambazwa hapa Uganda kupitia wachungaji kama dawa ya kila ugonjwa. Huko Marekani kemikali hiyohiyo wanawauzia wazazi wa watoto wenye usonji. Inachoma utumbo. Haiponyi kitu.

Nimeahidi kurudi kwenye maombi. Babu akiwa na miaka mitano, alianza kujiuma mkono na kugonga kichwa ukutani. Wiki nzima, mchana na usiku. Walinishawishi kwamba ni pepo limekasirika. Tulikaa usiku tatu kanisani, mtoto ameshikwa na wanaume wanne, mmoja kila kiungo, wanapiga kelele juu ya uso wake, yeye ambaye hata mlio wa sufuria humfanya azibe masikio. Mimi nilikuwa nimepiga magoti. Nilikuwa nasema amina. Usiku wa tatu mama mmoja mzee aliyekaa nyuma akanivuta kitenge, "Mwanangu, shavu la mtoto limevimba." Asubuhi tulikwenda kwa daktari wa meno. Jino la nyuma lilikuwa limeoza mpaka kwenye ufizi, lina usaha. Likang'olewa. Jioni ile akala chapati mbili na akalala kwa saa kumi na moja mfululizo.

Namwamini Mungu mpaka leo na ninasali. Lakini kwenye kanisa lile sijarudi, na wale wanaume nikiwaona barabarani navuka upande wa pili.

Tangu siku hiyo nina daftari. Nasema daftari la shule la kurasa 96, si programu ya simu. Mtoto akibadilika ghafla, kabla ya kumwita mtu yeyote: tazama meno, tazama masikio, pima malaria, uliza choo kimetoka lini. Kisha andika. Saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia, nini kilifuata. Mwaka uliofuata alianza kupiga kelele jioni, si kila siku, na kukimbilia nje bila viatu. Niliandika wiki tatu nikiona vurugu tu kwenye karatasi. Wiki ya nne nikaona: ni zile siku za mwisho wa mwezi, sina hela. Ni yaka, mita yetu ya umeme wa kununua kabla. Yuniti zikikaribia kwisha kile kisanduku hulia, ti, ti, ti, sauti ambayo mimi niliacha kuisikia zamani, naye ilikuwa inamtoboa kichwa. Sasa nanunua umeme kabla haujafika huko, hata kama ni wa elfu tano. Kelele ziliisha. Watu walinishauri fimbo. Ningempiga mtoto kwa sababu ya mita.

Andika. Nitalirudia mpaka mchoke. Mnataka watoto wenu wasome, wafike PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, wapate daraja la kwanza kama watoto wa wenzenu, na mimi nataka hivyohivyo. Basi andikeni.

Kuhusu lugha nina hasira yangu. Mhudumu mmoja, simtaji, aliniambia lugha nyingi ndizo zinamchanganya, nichague Kiingereza peke yake. Nyumba yetu ni Kiswahili na baba, Lusoga na bibi, Luganda kwa wateja. Kiingereza changu ni cha kuandikia risiti. Kwa hiyo kwa miezi minane nilikuwa mama bubu. Nilimlisha kimya, nikamwogesha kimya, bila nyimbo zangu za kambini. Baadaye nikaja kuelewa kwamba lugha mbili haziongezi usonji wala hazimzuii mtoto kusema; kinachomkosesha ni mama kunyamaza. Nikarudi kwenye Kiswahili changu. Na neno lake la kwanza tangu ile malaria, akiwa na miaka mitano na miezi minane, lilikuwa "bado".

Mteja alisimama mlangoni akauliza kama gomesi yake iko tayari, na kabla sijajibu, sauti ikatoka chini ya meza: "Bado." Kwa lafudhi yangu, kwa uchovu wangu. Alikuwa amelisikia mara elfu. Mteja alidhani nimejibu mimi. Nililia juu ya kitambaa cha watu mpaka nikakiharibu, ikabidi nikinunue.

Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na hapa kwetu hazikufunguka sawasawa mpaka Januari 2022. Babu alikuwa ndiyo kwanza amepata shule, baada ya moja kumkataa mbele yangu kwamba "atashusha wastani". Alikuwa amempata mwalimu aliyesomea elimu ya mahitaji maalum Chuo Kikuu cha Kyambogo, mwanamke wa subira ya ajabu. Sasa kila asubuhi anavaa sare, anasimama getini, anangoja boda, boda haiji, anaanguka chini. Siku tisa. Ya kumi nilivaa viatu vya kutokea, nikamshika mkono, tukatembea mpaka kona ya barabara, tukageuka, tukarudi, nikabisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe na kumwambia, "Tumefika shule." Akaingia. Akakaa chini ya meza. Tulifanya hivyo kila siku ya juma, mvua na jua.

Darasa letu lilikuwa vifungo. Nilimwagia kopo zima, tukapanga kwa rangi, kisha kwa matundu, kisha kwa makumi. Kwa picha nilizochora mwenyewe, vibaya, nilimbandikia ukutani mpangilio wa siku: kunawa, chai, vifungo, kucheza, kulala. Shule zilipofunguliwa alikuwa anahesabu mpaka mia mbili. Sasa ana miaka 11, yuko darasa la nne, na hesabu anawazidi wenzake, nasema hivyo bila kuona haya.

Wanaosema Afrika hakuna usonji wajue kwamba mwaka huohuo aliozaliwa Babu, 2014, Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha kazi yao ya kupima watoto zaidi ya elfu moja wa Kampala na Wakiso, na wenye usonji walikuwemo. Kwa hiyo muulizeni daktari, hospitali ya Mulago wapo, Butabika, ile ya wagonjwa wa akili, wapo. Msiliogope jina la Butabika. Hospitali ile ina kitengo cha watoto, na aibu ya majirani haimfundishi mtoto kusema.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma naanika. Mteja akaja kuchukua gomesi. Niliposikia hodi nilianza kukimbia, nikasimama kwenye pazia. Babu alikuwa ameitoa kwenye hanga, ameikunja kwa mikunjo minne kama ninavyokunja, ameiweka mezani. Hakumtazama mama yule usoni, alitazama mkufu wake. Akasema, "Elfu hamsini." Akangoja. Mama akatoa noti mbili za ishirini na moja ya kumi, Babu akazihesabu mara mbili, akazipanga vichwa upande mmoja, akaziweka kwenye kopo la vifungo. Nilibaki nyuma ya pazia na nguo mbichi mkononi mpaka zikanilowesha miguu.

Hayo yote nilimwandikia mdogo wangu wa Tororo usiku ule, vipande vipande, mpaka saa nane. Gomesi nilizimalizia alfajiri. Mwishoni nilimwambia hakuna ulichokula, futa hilo, na nikamuuliza swali ambalo mimi hakuna aliyeniuliza miaka ile: mtoto wako anapenda nini?

Alikaa siku mbili bila kujibu. Jana usiku amejibu. Anasema anapenda maji. Anaweza kusimama bombani saa nzima akiyatazama yanavyoteremka kwenye vidole, na yeye mama huwa anamvuta kumtoa pale kwa sababu majirani wanatazama.

Nimemwambia kesho achukue vikombe viwili, aende akakae naye hapohapo bombani.